Mushonaji wa Bolivia na Rafiki Yangu Baltazari

Viatu vya kwanza nilivyovaa katika maisha yangu havikuwa vyangu, mwanangu, na siku ile naikumbuka kwa vidole vya miguu kuliko kwa kichwa. Vilikuwa vya mutoto wa baba mukubwa, vyeusi, vya ngozi ngumu, na yeye alikuwa na miguu midogo kuliko yangu. Papa alikwenda kuviazima asubuhi kwa sababu tulikuwa tunaenda kumusalimia rafiki yake kule Walungu, na hakutaka nifike kwa watu na miguu ya vumbi. Tukatembea, yeye mbele, mimi nyuma nikichechemea kama kuku aliyefungwa kamba.

Yule rafiki alikuwa mutu wa ng'ombe watatu, na migomba yake ilishuka mpaka mutoni. Muke wake alikuwa anacheka kila neno, hata ukimwambia mvua imekawia. Wakatuketisha. Papa akaanza kusifia ng'ombe. Akauliza habari za watoto mumoja mumoja, akasifia paa la nyumba, akasifia hata jiwe la kusagia. Mimi nilijua tumekuja kutafuta mbegu ya maharagi, kwa sababu yetu ilioza, na Mama alikuwa amelia jikoni. Nikangoja Papa aseme. Hakusema. Jua likapita juu ya nyumba, likaanza kushuka upande wa pili, na vile viatu vilikuwa vinaniuma mpaka kwenye meno. Kuvivua mbele ya watu, haya. Basi nikafungua kinywa:

«Papa anataka mbegu ya maharagi. Mutupatie, twende.»

Yule mama akaacha kucheka. Mwenye nyumba hakukasirika, akasema tu, «Mbegu iko. Muke wangu, leta kikapu.» Lakini Papa alikuwa amesimama. «Huyu mutoto anaota,» akasema. «Tulipita kuwasalimia.» Tukatoka bila hata punje moja. Mwaka ule tuliuza mbuzi ili tupande, na tulipanda nyuma ya watu wote.

Tukafika kwenye kijito. Akaniambia nivue viatu, niweke miguu mu maji. Ndipo akasema, pole pole, bila kuniangalia: «Mutu mukubwa haombi. Anakuya, anaikala, anazungumuza mambo ingine. Ni mwenye nyumba njo anamuuliza: uko na maneno gani? Wakimuuliza, anasema. Wasipomuuliza, anarudi kwake na heshima yake. Leo umenivua nguo mbele ya rafiki yangu.»

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, ningesahau.

Kusoma sikusoma sana. Miaka miwili tu, kisha mwalimu akaenda kijiji kingine kuoa na hakurudi, na sisi tukaendelea kufagia darasa juma nzima tukimungojea. Njo maana ninakuandikia hivi, herufi zinapanda na kushuka kama barabara za Bukavu. Nikajifunza kushona. Na katika kushona nikamupata Baltazari.

Tulikaa pamoja kwenye baraza moja ya mutaa wa Kadutu, hapa Bukavu, miaka ambayo siwezi kuihesabu, mashine mbili, yake na yangu, mugongo kwa mugongo. Yeye alishona suruali na makoti, mimi nguo za wamama. Kutukanana ilikuwa chai yetu ya asubuhi. Yeye: «Wewe unashona kama mutu anafunga mufuko wa makaa.» Mimi: «Na suruali zako, mutu akitaka kuikala anaomba kwanza ruhusa.» Wateja walikuja wengine kusikia tu, wakaondoka bila kushona kitu. Muke wangu alipokufa, Baltazari alifunga mashine yake siku tisa. Hakunipa maneno. Alikuja kila asubuhi, akaketi pembeni yangu, akaenda jioni.

Kisha macho yangu yakakataa tundu la sindano. Mutoto wangu wa kuzaa, Furaha, ambaye yuko Kanada anatunza wazee wa watu, akanilipia vyumba viwili huku mutaa wa Ibanda, nyuma ya nyumba za wakubwa. Ziwa ninaliona kati ya majumba mawili, kipande chembamba, kama kitambaa kinachobaki ukishakata koti. Hapa watu wana mageti. Ukimusalimia mutu anakutazama kwanza mikono, kuona umekuja kuuza nini. Kuna juma nimewahi kupitisha, mwanangu, tangu Jumatatu mpaka Jumatano sijatumia sauti yangu. Siku ya nne nikakohoa, nikashituka, nikadhani kuna mutu mu nyumba.

Furaha alikuwa anapiga telefone kila siku ya Mungu, Jumapili, nikishatoka misa. «Papa, umekula?» Nimekula. «Dawa umekunywa?» Nimekunywa. Nilikuwa nasikia kijiko chake kikigonga kikombe huko Kanada, kin, kin, na mimi natafuta neno la kumuambia mutoto wangu, silipati. Tulikuwa tunaogopa kukata, na tunaogopa kuendelea.

Siku moja akaja na jambo jipya. Ilikuwa mwanzo wa hii miaka migumu, kila kitu kinapanda bei, kwao na kwetu. Akaniambia kuna fasi mu internet ambapo watu wa kazi ndogo ndogo, wa inchi zote, wanawekwa na picha yao. Mutu anaeleza kazi yake, shida yake, na kiasi anachohitaji. Watu wa mbali wanamukopesha, kila mutu kidogo, wengine dola ishirini na tano. Akilipa, pesa inarudi, unamupa mwingine. Faida hutafuti.

«Mimi nitaweka pesa,» Furaha akasema, «wewe Papa utachagua mutu.»

«Nitachagua namna gani, na kizungu sijui?»

«Nitakusomea.»

Basi akawa ananitumia picha, na mu sauti ananisomea. Wa kwanza alikuwa mama wa Peru mwenye kuku. Nilimuchagua kwa sababu ya ndara zake, alikuwa amezishona kwa waya. Wa pili mwanamuke wa Ufilipino wa kuuza samaki. Wa tatu, nikamuona mushonaji. Mutu wa Bolivia, jina lake Eusebio, ameketi nyuma ya mashine, anataka kununua vitambaa vya kushona yunifomu za watoto wa shule. Nikaangalia kidole chake cha kati. Kilikuwa na ile sugu ambayo sindano inakupa. Nikamwambia Furaha, huyu, hata usimalize kusoma.

Tangu hapo tukapata maneno. Tulimuongea Eusebio kama shemeji. Amelipa? Amelipa. Shule zimefunguka kwao? Bado. Niliuliza kama mvua ya Bolivia inaingia mu duka lake, Furaha akaenda kutafuta hata hali ya hewa. Tulicheka. Lakini angalia vizuri, mwanangu: mimi sikumuambia zile siku za kutotumia sauti, na yeye hakuniambia ya kwake. Eusebio alikaa katikati yetu, tukajificha nyuma yake sisi wote wawili.

Sasa nakuambia kitu ambacho mimi, siku Baltazari alikuja kunitembelea, sikukijua, ili wewe usipotee. Katika mwezi ule ambao mabenki ya hapa yalifunga milango na hakuna mutu aliyeshona koti, Baltazari alikuwa ameshindwa kulipa kodi ya baraza miezi mitatu. Mwenye nyumba akamufungia mashine ndani, akasema Jumamosi anaiuza. Ile mashine njo chakula chake, chake na cha muke wake. Alhamisi akatoka Kadutu kwa miguu, akashuka na kupanda mpaka kwangu, na magoti yale yake mabovu, kuniambia.

Alipoingia nilifurahi mpaka nikamwaga chai.

«Umenenepa,» akasema. «Ibanda inakulisha kama nguruwe ya Noeli.»

«Na wewe umekauka. Unakula uzi?»

Akaketi. Akasifia kiti. Akasema, «Kiti hiki iko muzuri, kweli.» Kiti cha plastiki, mwanangu, chenye mguu uliofungwa kamba. Akasifia dirisha. Akasifia kile kipande cha ziwa, akauliza kama maji yanabadilika rangi. Akaniuliza habari ya Furaha, ya macho yangu, ya padri. Mutu ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kusifia kitu changu hata kimoja.

Ningekuwa na masikio ya Papa, ningesikia. Nilikuwa na telefone. Nilikuwa nimekaa siku nyingi bila mutu wa kumuonyesha jambo langu, nikamusogelea kama mutoto mwenye peremende.

«Baltazari, tazama huyu. Mushonaji kama sisi. Wa Bolivia. Mimi na Furaha njo tunamukopesha.»

Akachukua telefone kwa mikono miwili, akaiweka mbali na macho yake. Akatazama muda mrefu.

«Mashine yake iko muzima,» akasema.

«Sana. Ni vitambaa alikosa.»

«Na namna gani mulijua amekosa?»

«Anasema mwenyewe. Wanakuya kwake, wanamupiga picha, wanamuuliza: unafanya kazi gani, una shida gani. Wanaandika.»

«Wanamuuliza,» akasema Baltazari.

«Wanamuuliza yote. Hata watoto wangapi.»

Akanirudishia telefone. Mimi nikaendelea, nikamuonyesha mama wa kuku, nikamuonyesha wa samaki. Nilizungumuza mpaka chai ikapoa. Mwisho akasimama, akasema alipita tu kunisalimia. Nikamusindikiza mpaka kwenye geti, bado nasema Bolivia, Bolivia. Swali ambalo Papa alinifundisha na miguu yangu mu kijito, maneno manne tu, halikunipita mu kinywa.

Siku ya Mungu, mbele ya kanisa, muke wa Baltazari akaniambia yote. Alidhani nilijua. Alidhani nilikataa. Aliniambia bila hasira, na macho yake kwenye viatu vyangu. Mashine ilikuwa imeuzwa jana yake.

Furaha alipopiga, sikungoja aniulize kama nimekula. Nikamueleza. Hata kijiko hakikugonga. Kisha akasema, «Papa, Tonton Baltazari? Baba mudogo ule aliyenishonea koti ya komunyo? Ningetuma siku ile ile.» Na alituma, asubuhi pesa ilikuwa mu telefone yangu. Nilimuambia siku hiyo pia kwamba ninakaa bila kusema na mutu. Akalia, akaniambia ya kwake, ambayo sitaiandika hapa kwa sababu iko yake.

Nikupe neno lako kwanza, mwanangu, kwa sababu nikimaliza habari hii sitakuwa na hamu ya kusema tena.

Usiache kusaidia wa mbali. Eusebio alilipa yote, tukamupa mwingine, na mpaka leo tunaendelea. Ni kazi nzuri, na wale watu si picha, wanakula na wanaumwa kama sisi. Lakini huko mbali kuna mutu wa kazi ya kuuliza. Anafika na kalamu, anauliza, anaandika, na wewe unasoma shida ikiwa imeshapangwa. Rafiki yako hana mutu wa kumuandikia. Atakuja na atasifia kiti chako. Ukisikia mutu anasifia kiti kibovu, weka telefone chini, muangalie usoni, muulize: uko na maneno gani? Uliza hata kama mufuko wako iko mutupu. Uliza hata kama wewe uko mupweke na unatamani kusema ya kwako. Mpaka siku yako ya mwisho ya kukaa na watu, muulize. Na mutoto wako akiwa mbali, muulize yeye pia, kabla ya kumuuliza habari za mvua ya inchi za watu.

Mungu akupe mulango ambao watu hawaogopi kuugonga. Akupe rafiki, akuachie masikio ya kumusikia hata asiposema. Na siku utakuwa wewe unayesifia kiti, Mungu amuweke mbele yako mutu wa kukuuliza.

Basi. Jumatatu ile, nikiwa na pesa ya Furaha, nilimukuta Baltazari kwenye fasi ya pikipiki. Alikuwa na mufuko mumoja na mukasi wake umefungwa mu gazeti. Mutoto wa dada yake anachimba zahabu kule Shabunda. Aliambiwa wachimbaji wanapasua nguo kila siku, na mutu wa kushona kwa mukono anaweza kupata chakula.

«Ndugu yangu,» nikamwambia, na pumzi imenishinda, «pesa iko. Yote. Tunanunua mashine ingine leo.»

«Mupatie muke wangu akule,» akasema. «Mimi wananingoja.»

«Baltazari. Uko na maneno gani?»

Alinitazama. Niliona alisikia, kwa sababu midomo yake ilisogea kidogo, na nikafikiri atanitukana, nikaomba Mungu anitukane.

«Hapana,» akasema. «Hakuna.»

Akaweka mufuko begani, akapita kati ya pikipiki mpaka kwa ile yake, na hajarudi.