Rezo ya Mama Kambere

Jirani yangu Vagheni anauza maharagwe ya Musienene, na kichwa chake ni kigumu kuliko maharagwe hayo yakiwa mabichi. Mwanawe Kambere alipoanza biashara ya kakao Eringeti, alimwachia kompyuta yake ya zamani na modemu ili waweze kuonana. Lakini ndani ya nyumba ya mabati rezo, yaani mtandao, ilikuwa inakufa. Vagheni akapeleka modemu dirishani, ikagoma. Akaitoa uani, ikaamka kidogo. Mwishowe akaifunga ndani ya sufuria pana, juu ya nguzo ya mkaratusi, mdomo wa sufuria ukitazama mlima wenye antena.

— Mama Kambere, uko napika rezo? tukamcheka.

Rezo ikaja. Tukaacha kucheka, tukaanza kuomba kuitumia.

Mwezi uliopita gari lilichomwa kwenye njia ya Eringeti. Redio ikasema abiria walikimbilia msituni, ila kijana mmoja aliuawa, jina lake Kambere. Basi hapo tumejua nini? Kwetu Wanande mtoto wa kwanza wa kiume ndiye Kambere. Liite jina hilo sokoni Butembo uone watakaogeuka. Bénite wa nyumba ya pili naye ni Mama Kambere, na vijana hao wawili walipanda gari moja. Simu zao hazikuita.

Katekista wa kule akatuma picha ya marehemu. Bénite akaja mbio, kitenge kimefungwa upande, maana mtaani kwetu picha hufunguka kwa Vagheni tu.

Ilifunguka nywele na paji la uso, ikasimama. Wingu lilikuwa limeshuka mlimani.

— Geuza sufuria! Vagheni akaniambia. Hapana vile! Inua juu!

Walikaa benchi moja, magoti yakigusana, rozari mkononi. Niliyajua maombi yao, na yalinitia hofu. Kila mmoja alikuwa anaomba marehemu awe wa mwenzake.

Nikainua nguzo. Picha ikashuka: macho, pua, kidevu.

— Hapana wangu! Asante Yesu! Hapana wangu!

Vagheni alipiga vigelegele, vigelegele vya harusi, mikono juu. Kisha akamkumbuka aliyeketi kando yake.

Bénite hakulia. Alishika ncha ya kitenge, akapangusa kioo cha kompyuta polepole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Halafu akaenda kwake.

Penye msiba, wanaume wetu huota moto uani, na jirani haendi mikono mitupu, hupeleka kuni. Jioni Vagheni alibeba mzigo mkubwa kuliko wetu sote, akitembea analia. Kilio chake kilikuwa cha kweli, na mimi siwezi kumhukumu, ni mama. Bénite akamsimamisha mlangoni.

— Rudisha kuni zako, Mama Kambere. Wako atarudia na njala. Utamupikia nazo.