Popo wa Kisima cha Bibi

Juzi popo aliingia darasani kwangu, hapa Masasi ninapofundisha biolojia, na wanafunzi wa kidato cha pili wakawa chini ya madawati kabla sijafunga kitabu. Nikafungua madirisha yote, nikawaambia watulie wamtazame usoni kila anapopita. Alikuwa mdogo, rangi ya kahawia, na juu ya pua ana kipande cha ngozi kilichojikunja kama jani. Alizunguka mara tatu, akalipata dirisha, akatoka. Watoto wakapiga makofi. Mimi nilikaa kitini, somo nikaliacha hapo hapo, maana popo wa aina ile nilikuwa nikiamini, kwa zaidi ya miaka thelathini, kwamba niliwaua kundi zima.

Ilikuwa hivi, rafiki yangu. Nilipokuwa na miaka tisa nilipelekwa kwa bibi, Makote, kule juu Newala, likizo ya mwezi wa sita. Kama umewahi kulala uwandani msimu ule, unaijua baridi yake. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne, na bibi alinifunga kitenge shingoni nikakaa jikoni na bakuli la mbaazi mbichi au ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyembamba vya porini, moshi ukinitoa machozi, nami sitaki kutoka. Raha ile ilikuwa na adhabu moja tu, maji. Mto uko chini bondeni. Kushuka na ndoo tupu ni mchezo, ila kupanda nayo ikiwa imejaa, magoti yanakuomba msamaha.

Uani kwa bibi kulikuwa na kisima cha maji ya mvua, kimechimbwa ardhini na kusakafiwa, chenye mdomo wa kutosha mtu mmoja kushuka. Sakafu ilipasuka zamani, kikakauka, popo wakakifanya kwao. Kila jioni nililala kifudifudi pale mdomoni nikiwangoja. Walitoka mmoja mmoja, upepo wa mabawa ukinipuliza paji la uso, wala hakuna aliyewahi kunigusa. Nikirusha kokoto, mmoja alilifuata kidogo kisha akaachana nalo, akageukia nondo. Nilidhani wana macho makali mno. Shuleni ndipo nilipofundishwa kwamba hupiga kelele kwa pua, mdomo umefumbwa, kwa sauti nyembamba isiyofika masikioni mwetu, na lile jani huielekeza mbele. Mwangwi ukirudi kutoka kwenye mabawa ya nondo yanayopepea, unarudi umebadilika, ndiyo maana kokoto haliwadanganyi. Na popo akiongeza kasi huifanya sauti yake mwenyewe iwe nzito kidogo, ili mwangwi umrudie pale pale masikio yake yanaposikia vizuri zaidi. Nawafundisha haya kila mwaka, na kila mwaka huwa nalikatisha somo mapema.

Mwaka ule bibi aliamua kukisakafia upya kisima kabla ya mvua. Fundi akasema hashuki mpaka popo waondoke. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga wa njano, na ule ulikuwa msimu wake. Alitembea uso wa njano, macho mekundu, watu wakimgombania. Akamwambia bibi kwamba salfa ikipulizwa humo popo wakiwa nje, harufu itawazuia kurudi. Wakapanga alfajiri. Salfa hupulizwa alfajiri, jani likiwa na umande ili ishike, na kwetu hakuna anayeijua saa nyingine. Haikumjia akilini kwamba alfajiri popo ndiyo kwanza wamerudi kulala.

Mimi nilijua. Asubuhi ile nilitoka kujisaidia nikawaona wakiingia. Jirani akafika na mashine mgongoni, bibi akamwambia aniulize mimi, kwa kuwa ndimi ninayeshinda pale. Akainama.

"Wametoka?"

Nikawaza. Nikisema wamo, ataondoka na mashine yake, ana foleni ya wenye mikorosho, huenda asirudi mpaka mvua zianze. Na mimi nitaendelea kushuka bondeni kila likizo.

"Wametoka wote," nikasema.

Bibi akanipa ndoo, akanituma mtoni nisivute salfa. Nikiwa katikati ya mteremko niliisikia mashine ikinguruma juu, nikakaa chini nikalia. Niliporudi nyasi za uani zilikuwa na vumbi la njano. Jioni sikwenda kisimani, nilijikunyata jikoni nikasema tumbo linauma. Kesho yake mdomo wa kisima ulikuwa umefunikwa kwa bati na mawe, na sikuona popo hata mmoja tena. Sikuuliza walitoa maiti ngapi. Mvua zikaja, kisima kikajaa, na kila likizo nilikunywa maji yale nikijua nimeyapataje.

Basi baada ya yule popo wa darasani, Jumamosi nilipanda Makote. Bibi alifariki nikiwa kidato cha sita, lakini jirani bado yupo, mzee sasa, nikamkuta barazani anapukuchua mbaazi na mkewe. Nikamwamkia shikamoo baba, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza habari za Masasi, nami sikuweza hata kuzimaliza. Nikamweleza yote. Akaacha mbaazi.

Akasema kwani mimi nilidhani yeye anaweza kumwamini ntoto wa miaka tisa? Alikuwa na tochi. Nilipokwisha kushuka bondeni alilala kifudifudi, akamulika, akawaona wananing'inia, kila mmoja peke yake bila kumgusa mwenziwe, masikio yanachezacheza. Bibi akasema wangoje jioni. Kwa kuwa mashine ilikwisha kujazwa, akaipulizia mikorosho ya bibi iliyokuwa nyuma ya nyumba. Jioni wakakaa wawili pale mpaka wa mwisho akatoka, ndipo akamwaga salfa kidogo kwa mkono na kufunika. Popo walizungukazunguka usiku wa manane siku mbili tatu, kisha wakahamia mapango ya miamba kule gengeni. Wapo mpaka leo.

Nililia mbele ya wazee wale bila aibu, kwa furaha. Nikamuuliza mbona hawakuniambia.

"Nilitaka kukuita," akasema. "Bibi yako akakataa. Akasema, mwache, atanambia mwenyewe."

Miaka tisa aliningoja. Alinichotea maji ya kisima kile, akanikabidhi kikombe, na alikuwa na tabia ya kubaki amekishika kidogo kabla ya kukiachia. Nilidhani ni uzee.

Nyumba yake haipo tena. Kisima kimefukiwa, juu yake pameota mihogo, na bomba la maji limefika mpaka kwenye kona ya barabara, hakuna mtoto anayekijua kile kilima kwa magoti. Nilisimama katikati ya mihogo nikasema kwa sauti kwamba walikuwemo, wote, niliwaona wakiingia, nikadanganya kwa uvivu wa kuchota maji. Mke wa jirani alikuwa amenifuata, akauliza naongea na nani.

"Na bibi," nikamwambia. "Alikuwa ananingoja."