Kitu Kilichofungwa Juu ya Fyuzi

Pikapu ya mume wangu ilikuwa na vituko vyake. Ukikata kona ya kushoto, honi inalia. Ukikanyaga breki, taa za mbele zinafifia. Watu wa mtaani kwetu Chumbageni walikuwa wakitucheka, na mume wangu anacheka nao. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana nyuma ya kiti, mgongoni mwangu kabisa, palikuwa na madumu mawili ya petroli. Miaka ile mafuta yalikuja siku yalipotaka yenyewe. Aliyeyapata aliyaweka, na kuyaacha nyumbani ilikuwa kumwekea mwizi. Basi tulisafiri nayo, huku tukimwomba Mungu.

Alikuwa akileta samaki wakavu Tanga kutoka Ushongo. Siku moja nilikwenda naye, na tukiwa tunarudi, tumeshavuka mto Pangani, nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

"Kuna watu wanachoma takataka," akasema.

Tulikuwa katikati ya mashamba ya mkonge. Hapakuwa na watu wala takataka. Mume wangu alikuwa na ugonjwa huo: gari likienda, basi ni zima.

Punde moshi mwembamba ukatoka chini ya dashibodi, ukanipanda magotini. Wanasema hofu humpa mtu mbio. Mimi ilininyang'anya miguu. Nilikaa kama mgeni aliyekaribishwa, mikono juu ya mapaja, nikiutazama moshi na kuyafikiria yale madumu. Mume wangu aliruka, akafungua boneti, akachomoa waya wa betri kwa mkono mtupu. Moshi ukakatika. Aliponitoa nje kanga yangu ilikuwa imelowa, na halikuwa jasho peke yake.

Waya akaurudisha, tukafika Tanga kwa mwendo wa kinyonga. Siku ya pili tukaenda mtaa wa Mabawa kwa fundi umeme wa magari. Cha kwanza alichokiona kilimfanya atikise kichwa: mahali pa fyuzi palikuwa na vipande vya waya mnene wa shaba. Hakushangaa, maana fyuzi zilikuwa zimeadimika kama sabuni, na magari mengi ya mjini yalikwenda hivyo hivyo.

"Fyuzi kazi yake ni kufa ili gari lipone," alisema. "Waya huu haufi. Ikipiga shoti, unapitisha moto tu mpaka gari liungue."

Sasa ikabaki kuitafuta hiyo shoti. Alikuwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili, akawa anachomoa waya mmoja mmoja na kuitazama balbu. Alikagua taa za nyuma, kisha honi, kisha indiketa. Mwisho akalala chali, akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Alipotoka alikuwa anajifuta mkono kwenye suruali kama aliyegusa kitu kisichogusika.

"Kaka, mle juu ya fyuzi kuna kitu kimefungwa."

"Kiache," mume wangu akajibu, bila hata kuinama.

Kumbe alikuwa anajua. Niliinama mimi. Niliona kipande cha tyubu ya dawa ya meno, ile ya bati laini, kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi mweusi. Ilikuwa hirizi. Pembe moja iligusa penye fyuzi, pembe nyingine iligusa bodi ya gari, na hapo palikuwa pameungua, peusi.

"Si ukisogeze tu?" nikamwambia fundi.

"Shemeji, mie waya nitaushika hata ukiwa na moto. Hicho simo. Alokifunga ndiye akifungue."

Aliyekifunga alikuwa mama mkwe wangu, Mpemba. Hirizi ingeshonewa ngozi, lakini ngozi hakuipata, na kioo cha mbele kilivuja mvua ikinyesha, basi akatafuta kitu kisichopitisha maji. Aliwaza vizuri kabisa, ila umeme hakuujua.

"Mwambie mama," nikamwambia mume wangu njiani.

"Nimwambie dua yake inaniunguza?"

Na kesho yake asubuhi alikuwa na safari ya Ushongo.

Niliogopa kumwendea yule mama kuliko nilivyouogopa moshi. Mimi ni binti wa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, nimelelewa kanisani kwa Walutheri kabla sijaolewa. Nikiitaja hirizi, nimedharau. Ikitolewa, kisha mwanawe akapata ajali, nimeua. Lakini kila nilipofumba macho niliiona ile pikapu inawaka na mume wangu yumo ndani. Alasiri nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawijika?"

Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote, mpaka kanga iliyolowa. Vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

"Moshi ulitoka pale pale nilipokifunga?"

Nilitamani kumdanganya.

"Pale pale, mama."

Nilingoja anifukuze. Yeye aliutazama ule mchele. Kisha akaniambia jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kunieleza: kwamba mume wangu alikuwa na kaka, naye alikufa kwenye lori, njia hiyo hiyo ya Pangani.

"Yule nilimwacha ende hivi hivi," alisema. "Huyu nikasema simwachi. Kumbe nimemfungia moto."

Alikwenda mwenyewe kwenye gari. Fundo lilimshinda, akalifungua kwa meno. Mimi na mume wangu tukarudi Mabawa jioni ile, fundi akatoa ile shaba nene na kuweka uzi mmoja mwembamba wa waya, unaoweza kukatika. Honi ikatulia.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe ameketi ndani ya pikapu, tasbihi mkononi. Hakuwa amewahi kulipanda gari lile. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, anamsihi ashuke. Mama alinitazama mimi.

"Sasa nimlinde kwa kitu gani?" akaniuliza.

Nikajifunga kanga vizuri, nikapanda, naye akasogea kunipisha. Alinishika mkono mpaka Pangani, na wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu.