Presha ya Baba Mkwe

Nimefagia wodi miaka kumi na tisa, na sijaona jambo lililonitoa roho kama lile la mwaka 1994. Na aliyelifanya ni Asifiwe, muuguzi mpole kuliko wote, mke wa Eliya wa Ndandalo. Kila asubuhi alikuja kwa baiskeli, sare imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni isipate tope. Sauti yake ukiisikia mara mbili kwa siku, ujue kuna jambo.

Jumatano moja watu wakamleta mzee aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi akikata mikungu. Wamemkalisha kwenye baiskeli, shingo inaning'inia! Niliwafokea mpaka koo likauma. Asifiwe akatoka mbio, akamwona, akarudi nyuma amejifunika uso kwa viganja. Alikuwa baba mkwe wake, mzee Aliko.

Mimi ni Shamsa wa Bondeni, marehemu baba alihamia hapa kutoka Kilwa na duka lake la vitambaa. Kwetu mkwe unampikia na kumwamkia, basi. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkaza mwana hamtazami baba mkwe, hamgusi, hata jina lake halitamki. Miaka kumi na moja Asifiwe alikuwa akisikia kikohozi cha mzee, anakatisha kwenye migomba wasikutane.

"Basi aje muuguzi mwingine," nikasema. Hakuwepo. Mmoja alikuwa amejifungua, mwingine yuko Tukuyu kwenye semina.

Tukatundika kitenge kitandani, mkono wa mzee ukatokeza upande wa pili. Asifiwe akavaa glavu.

"Glavu si mkono, Shamsa," akanong'ona, nami nikameza kicheko.

Presha ilikuwa themanini kwa arobaini, mapigo hamsini, ngozi ya moto. "Huyu havuji damu," akasema. "Anayevuja huwa wa baridi na moyo unamkimbia. Huyu ni uti wa mgongo."

Daktari naye akasema hivyo hivyo. Mzee alale chali bila mto, mifuko midogo ya mchele huku na huku ya shingo, dripu zisikatike, na presha ya juu isishuke chini ya mia na kumi kwa siku saba. Uti ulioumia unaishi kwa damu inayosukumwa humo. Presha ikianguka, hata kilichosalia kinakufa. Dripu zetu zilikuwa zimekwisha, Badru wa mtaani kwetu akaleta za duka lake la dawa, mojawapo ya yale yaliyochipuka siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kidole gumba cha kulia cha mzee kilikuwa bado kinacheza. Hicho ndicho tulichokuwa tunakilinda.

Jumapili akafika dada yake mzee, shangazi Elizabeth wa Talatala, na ukoo nyuma yake.

"Mugonile, shangazi," Asifiwe akamsalimia amepiga magoti.

"Toka humu. Huna haya? Na kaka yangu hapokei salamu amelala kama mgomba ulioanguka."

"Shangazi, nakuomba, asiinuliwe. Presha yake..."

"Toka!"

Akatoka. Wakamwinua mzee, wakamwegemeza kwa mito, wakaanza kumsalimia mmoja mmoja. Nilikuwa na ndoo mkononi. Nikaona midomo yake imegeuka rangi ya majivu.

"Anasinzia," shangazi akasema.

"Anakufa, we mama! Asifiwe!" nikapiga kelele.

Akaingia mikono mitupu, bila glavu. Kitenge akakivuta kikachanika. Akaishika shingo, akamlaza, mimi nikainua miguu, akafungulia dripu yote. Presha hamsini. Mapigo thelathini na nane. Kisha yule mpole wetu akainama usoni kwa mzee na kupaza sauti:

"Aliko! Aliko, fumbua macho!"

Shangazi alipiga ukunga kama aliyepewa habari ya msiba. Wanaume wakakimbilia nje. Nami, mtu wa Bondeni nisiyeshika mila hizo, nilijikuta nainamisha uso, miguu ya mzee ingali mikononi. Asifiwe alikuwa analia na mikono haitetemeki.

Sitini na tano. Tisini. Mia na kumi na mbili.

"Cheza kidole," akasema. Kikacheza. Nikaishusha miguu kitandani.

Mzee alikuwa amefumbua macho, anamtazama. Asifiwe akakumbuka, akataka kujifunika, lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika dripu na mwingine shingo ya mzee.

"Ndaga fijo," mzee akamshukuru, sauti imekauka. "Kumbe mjukuu wangu Jubilate amechukua sura yako. Siku zote najiuliza amefanana na nani."