Mbatizaji wa Minyoo

Mtaalamu wa minyoo wa ule mradi wa kuchunguza viumbe wa ziwani, hapa ufukweni Nansio, huniamkia shikamoo huku akimtazama mnyoo. Humnyanyua kwa koleo jembamba, humpulizia kama anayepoza uji wa mtoto, humhesabia nywele za mbavuni, na akiona ni mnyoo ambaye hajawahi kupewa jina, humbatiza jina la mfadhili. Wa juzi ni wa mzungu aliyenunua injini ya boti. Wa jana ni wa mkewe.

Modesta wangu amekufa, na hatukujaliwa mtoto, basi hakuna mjukuu wa kurithi jina lake. Leo nikamwomba ambatize mnyoo mmoja Modesta.

"Majina yote yameshaahidiwa, mzee."

"Hata huyu mwenye kipara?"

"Huyo wa mkurugenzi."

"Basi mpe, mwanangu. Modesta alikuwa na nywele."