Nilimwachia Mwenzangu Nafasi Juu ya Mstari Mwekundu, Damu Ikamwagika

Admin, nifichie jina na shule, maana huku ziwani tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka 51, mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi, si mbali na Mbamba Bay. Kanisani naongoza akina mama, ndiyo maana haya yananichoma.

Kila siku saa moja na nusu asubuhi napiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio. Ukisaini chini yake umechelewa. Ukifikisha mara tatu, jina lako linakwenda wilayani. Mwenzetu mmoja, nimwite Beda, alishafikisha mbili. Anamuuguza mama yake aliyepooza, lazima amwogeshe na kumlisha kabla ya kupanda kilima kuja kazini. Na Mkuu wetu alikuwa anamtafuta, tangu Beda aseme kikaoni kwamba Mkuu haingii darasani.

Nikamwonea huruma. Kila asubuhi nikawa naacha nafasi moja tupu, napiga mstari chini yake. Beda akija anaikuta, anasaini. Hatukuwahi kulizungumzia hilo. Nilijiona nimepatanisha watu bila kelele, nikamshukuru Mungu.

Jumatatu ile Mkuu alichungulia kitabu mapema, nami sina habari. Akaiona nafasi tupu. Baadaye akakuta sahihi ya Beda.

Mapumziko akaingia ofisi ya walimu na rula ndefu ya ubaoni.

"Mwizi wa saa wewe! Unaghushi kitabu cha serikali?"

"Mwizi ni wewe! Vipindi vyako vya la saba anafundisha nani, mzimu?"

Rula ikatua mdomoni. Beda akatema jino, akamkaba Mkuu shingo, akamgongesha uso kwenye kona ya kabati, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu nikafumba macho. Watoto wanapiga mayowe madirishani. Mkuu akapapasa mezani, akapata bikari ya ubaoni, akamchoma nayo mkono wa kulia, ncha ikatokeza upande wa pili. Daftari za insha zote zikalowa damu.

"Dada, sema!" Beda akanililia. "Mstari unapiga wewe, sema!"

Mimi nikaanza kusali Baba Yetu kwa sauti.

Mkuu amelazwa Mbinga, jicho moja halioni. Beda amesimamishwa kazi, vidole havishiki chaki. Mkuu hanishuku kabisa. Kutoka hospitali amenitumia maelezo niyasaini, pamoja na ujumbe: "Wewe mama wa kanisa ulipitiwa tu, yeye ndiye aliyeivizia nafasi." Nikisaini, Beda anafukuzwa kazi kwa kughushi. Nikisema ukweli, ninayefukuzwa ni mimi.

Jana Beda alipiga simu. "Dada, sikuombi uongo. Sema tu nafasi niliikuta." Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Kamati ya nidhamu inakaa Ijumaa. Ndugu zangu, nishaurini, hata kama ni kwa kunitukana: nikasimame niseme, au nisaini?