Nyumba ya Kifungua Mimba

Watu wa kwetu Ntimaru waliposikia nimekuwa daktari, waliniletea miguu iliyovimba. Nikawaeleza kwamba udaktari wangu ni wa kusoma jamii, kwamba kazi yangu ni kuzunguka kwenye maboma ya watu nikiuliza nani anamlisha mtoto ambaye akili yake inakwenda polepole, nani anamwogesha, nani anabaki naye mamake akienda sokoni. Shangazi yangu alinitazama kutoka juu hadi chini. "Na serikali inakulipa kwa hiyo?" Nikamwambia inalipa. "Haya, endelea," akasema, akaufunika mguu wake.

Nimeendelea. Maisha yangu ya chuo kikuu yamepita kati ya Migori na Homa Bay, nyuma ya pikipiki za vijana wasioamini breki. Nimeandika makala, nimepandishwa cheo, nimesimama kwenye kumbi zenye viyoyozi nikisimulia maisha ya akina mama ambao kiyoyozi hawakijui, na watu wakanipigia makofi. Lakini ukiniuliza leo nimejifunza nini, nitakupeleka kwenye boma moja tu, upande wa Homa Bay, kwa mjane mmoja mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Habari za boma hilo bado zinaniuma, na sitajifanya haziniumi.

Mwanawe nilimjua akiwa bado wa kuvalishwa kaptula. Alikuwa kifungua mimba, mwenye kifafa tangu utotoni, na shuleni walimweka darasa maalum hadi wakasema amekuwa mkubwa mno. Kuhesabu kulimshinda. Kusalimu watu, hapo hakuna aliyemweza. Angekupa mkono, azunguke nyumba mbio, atokee upande wa pili na kukupa mkono tena, kana kwamba ndiyo kwanza umefika. Nilimpenda yule mtoto. Kwenye ripoti huandiki neno kama hilo, ndiyo maana naliandika hapa.

Mimi Mkuria, mamake Mjaluo, basi tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akiburuta cha kwao. Yeye alinicheka nilivyotamka, mimi nikamcheka naye. Nilimuuliza maswali yangu yote ya kitaaluma naye akayajibu huku akigeuza omena kwenye nyavu zilizotandazwa juani. Siku moja aliniuliza lake. "Daktari, mimi sitaishi milele. Nikienda, huyu mtoto yangu watamweka wapi?"

Swali hilo nimelisikia katika kila boma nililoingia. Wenzangu na mimi tumelipa jina refu la kitaalamu. Jibu hatuna.

Yeye jibu alikuwa nalo, na halikuwa gumu. Alitaka mwanawe ajengewe nyumba. Kwa Wajaluo, kijana wa kiume akishabalehe hujenga chumba chake karibu na lango la boma, nacho huitwa simba. Ukiwa na simba wewe ni mtu mzima, una mahali pako katika ardhi ya baba yako, na hakuna atakayekuamsha asubuhi akuambie uhame. Asiye nayo ni mtoto, na mtoto huenda anakopelekwa. Mama yule alikuwa ameyafikiria yote hayo kuliko kamati yoyote niliyowahi kukalia. Mwanawe akiwa na nyumba, hata akilala peke yake kwa shida, hata akipikiwa na majirani, angebaki nyumbani kwao.

Miaka ikaenda, ndevu zikamwota. Chuo nacho kilikuwa kimenipa ruhusa ya kutafiti watoto, kwa hiyo alipotimiza miaka kumi na minane mradi ukamtoa. Ala! Kwa hesabu yetu amekuwa mkubwa, na mamake bado anamfunga vifungo vya shati. Nikaendelea kwenda pale kama mgeni tu, na kilo ya sukari mkononi.

Ni wakati huo ndugu yake mdogo alipotaka kujenga. Mila inasema mdogo hampiti mkubwa. Mkubwa ajenge kwanza, kisha wanaomfuata. Nikajua sasa mambo yametengenezeka, kwa sababu ili mdogo apate njia, lazima huyu ajengewe. Mama yake alifurahi hadi akanichinjia kuku. Kumbe tulikuwa tumefurahi mapema. Kaka wa marehemu mumewe, ambaye ndiye msemaji wa boma, aliketi na wanaume wenzake wakakubaliana kwamba hakuna aliyepitwa. Huyu mkubwa si wa kuhesabiwa kwenye foleni, walisema. Huyu ni mtoto.

Mdogo akajenga. Nilikuwepo siku walipokandika, na kaka yake ndiye aliyebeba maji ya udongo, mtungi baada ya mtungi, akicheka kwa furaha. Walipomaliza alisimama mahali patupu kando ya nyumba ile mpya, akakanyaga chini kwa mguu. "Yangu?" akamuuliza mamake. Mama akamwambia yake inakuja.

Mjane aliniomba niende kwa shemeji yake. "Wewe umesoma, watakusikia." Sheria za utafiti zinakataza kuingilia mambo ya watu, nami nikasema sheria zikae chuoni. Nikaenda. Mzee alinikaribisha kwa chai yenye maziwa mengi, akaniuliza habari za kwetu. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, na hilo ndilo liliniudhi zaidi, maana mtu mbaya ungejua pa kumshika.

"Daktari, nyumba ni ya mtu atakayeoa," alisema. "Huyu ataoa nani? Huyu ni malaika wa Mungu, acha alale kwa mamake. Halafu sisi ni Wasabato. Mambo ya mila tuliacha."

"Kama mmeyaacha, basi mama yake anaweza kumjengea mwenyewe," nikasema. "Mabati nitanunua mimi."

Akacheka kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Mwanamke hasimamishi nguzo ya simba, daktari. Hiyo haiwezekani."

Hapo nilichemka. Nilimwambia achague moja, mila ipo au haipo, asiifanye mwavuli wa kufungua na kukunja atakavyo. Akaniongezea chai. Nilirudi kwa mama yule nikiwa sina kitu, na hakunilaumu. Alisema tu tungojee mavuno, labda moyo wa mzee utalainika.

Mavuno yalikuja mara kadhaa. Kila nilipofika, pale kando ya nyumba ya mdogo palikuwa majani matupu, na jamaa yangu alinipa mkono, akazunguka nyumba, akanipa tena.

Aliyenipigia simu ni mdogo wake. Kifafa kilimshika kaka mtu ufukweni mwa ziwa, mamake akiwa sokoni, akaanguka kifudifudi mahali ambapo maji hayafiki hata magotini. Watu walikuwa karibu. Hakuna aliyeangalia upande ule.

Nilifika siku moja kabla ya mazishi. Nikiwa bado langoni nilisikia nyundo. Pale kwenye majani, kando ya nyumba ya mdogo, palikuwa pamechimbwa mashimo, na wanaume wa ukoo walikuwa wakisimamisha nguzo. Shemeji mtu ndiye aliyeisimamisha ya kwanza, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtiririka. Mabati mapya yaliegemezwa kwenye ua. Sikuweza kujizuia.

"Si mlisema ni mtoto?"

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia, na mimi nakiri kwamba alilia kwa kweli. "Daktari, mwanamume mzima hazikwi bila nyumba," akasema. "Mkubwa akilala chini bila simba, wadogo wote wataharibikiwa." Akasema hivyo bila aibu yoyote, akachukua msumari mwingine. Nilitaka kumpigia kelele mbele ya watu wote. Nikamwacha na nyundo yake, na hasira ile imebaki nami mpaka sasa.

Jua lilipofika utosini walikuwa wameshaezeka. Wakatia mlango wa mbao, wakafagia vipande vya miti, wakaanza kuchimba kaburi ubavuni mwa nyumba, inavyopaswa kwa mwenye nyumba.

Mama yake alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Aliinuka peke yake, akakataa kushikwa mkono, akavuka ua polepole. Nilimfuata nikidhani ataanguka. Akausukuma mlango, akatazama ndani, sakafu ya udongo na mwanga unaopenya kwenye maungio. Akaurudisha. Akaufungua tena. Nilingoja kilio, lakini hakulia.

"Yawa, daktari," aliniambia. "Kumbe ni kazi ya asubuhi moja."